Ligi ya Vijana, Milimani Masisi na Misituni Walikale

Mazungumzo ya jioni hii yanahusu jambo ambalo wakubwa wengi hulihesabu kuwa ni mchezo wa watoto, wakalipisha sikioni bila ya kulipa nafasi moyoni, nalo ni ligi ya vijana. Sikusudii mechi moja ya sikukuu, inayochezwa kwa ajili ya mgeni aletaye mipira mitatu akapigwa picha akaenda zake. Nakusudia mashindano yenye daftari, yenye tarehe, yenye waamuzi, yenye msimu unaorejea mwaka hata mwaka, ambayo kijana wa miaka kumi na minne huingia akijua ni lini ataanza, ni nani atapambana naye, na ni nani atahukumu baina yao. Jambo hilo nalihesabu kuwa ni sehemu ya utawala wa nchi, na wilaya zetu hizi mbili za Kivu ya Kaskazini, Masisi ya milimani na Walikale ya msituni, zinalihitaji kuliko mahali pengi duniani.

Ithibati ya maneno yangu nitaitafuta mbali kwanza, katika nchi ya Kanada, ambako mchezo unaopendwa kupita yote ni hoki ya barafuni. Wachezaji sita kwa kila upande, kipa akiwa miongoni mwao, huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini yake, wakateleza juu ya maji yaliyogandishwa, wakigombea kwa magongo kisahani cheusi cha mpira mgumu. Vita Vikuu vya kwanza vilipokwisha, watu wa chama cha hoki cha jimbo la Ontario, kwa shauri la kapteni mmoja aliyeitwa James T. Sutherland, waliona kuwa haifai kuwasahau vijana waliotoka katika timu zao wakaenda kupigana Ulaya wasirudi. Wangaliweza kujenga mnara wa mawe, wakaandika majina, wakaweka shada la maua kila mwaka. Walakini wao, mwaka 1919, walichagua kikombe, wakakiita Memorial Cup, yaani kikombe cha ukumbusho, na wakapitisha kuwa kishindaniwe na vijana, wala si na wakubwa. Timu ya shule moja ya Toronto ilikitwaa mara ya kwanza kwa kuishinda timu ya Regina, mji wa nyikani magharibi, ambayo iliundwa mwaka 1917, vita vingali vikiwaka, ikachukua jina la kikosi cha askari kilichoitwa kwa jina la binti mfalme Patricia. Timu hiyo ya Regina ingali hai hata leo, na kikombe kile kingali kikishindaniwa. Mwaka 2010 kikawekwa wakfu upya kwa ajili ya askari wote wa Kanada waliokufa vitani.

Katika desturi za ligi zile iko moja inayonigusa kuliko habari za vikombe. Wachezaji wake ni vijana wa miaka kumi na sita hata ishirini, na aghalabu timu inayomtaka kijana iko katika mji ulio safari ya mchana kutwa kwa basi kutoka kwao. Kwa kuwa mtoto wa umri ule hawezi kupanga chumba na kujipikia, jamaa wa mji ule humpokea nyumbani mwao, akala chakula chao, akatumwa dukani kama watoto wao wanavyotumwa, akaenda shule pamoja nao. Na ligi zao kubwa za vijana huhesabu kila msimu aliocheza kijana kuwa ni haki ya kulipiwa mwaka mmoja wa chuo. Sasa niambieni, wazee wangu wa Masisi, ni nyumba ngapi katika milima yetu ambazo, tangu miaka ya tisini hata leo, hazikupata kumlaza mgeni aliyekimbia kijiji chake na godoro kichwani? Kupokea mtoto wa watu na kumhesabu kuwa wako ni elimu ambayo Walikale na Masisi waliipata kwa gharama kubwa, nao hawahitaji kufundishwa na mtu. Ligi ya vijana inayowataka watoto wa Pinga, upande wa Walikale, walale Nyabiondo, upande wa Masisi, usiku mmoja itakuta milango imekwisha kufunguliwa.

Atasema mtu kwamba Kanada ni nchi ya matajiri, na kwamba mifano ya matajiri haiwafai maskini. Basi na atazame Nairobi. Katika hoteli ya Panari, kando ya barabara iendayo Mombasa, kilifunguliwa mwaka 2005 kiwanja cha barafu kilicho kidogo kuliko kipimo cha mashindano, na humo ikazaliwa timu iitwayo Kenya Ice Lions, katika nchi isiyokuwa na timu ya pili ya kupambana nayo, vifaa vikiwa haba, wakajigawa wenyewe kwa wenyewe ili wapate wapinzani. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada, wakacheza mechi ya kweli, na wachezaji wawili wenye sifa ya dunia nzima, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi ya Kenya wakacheza pamoja nao. Na Septemba 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo ule. Wachezaji wakubwa wa timu ile nao hawakujifungia na fahari yao, bali waliwafungulia watoto mafunzo katika kiwanja kile kile. Barafu ya Nairobi hufanywa kwa umeme na kulipiwa kila saa. Nyasi za Masisi hazimdai mtu kitu.

Turudi kwetu, kwa mpira wa miguu. Shirikisho la nchi yetu, FECOFA, huhesabu umri wake tangu 1919, mwaka ule ule wa kikombe cha Kanada. Zama za Mbelgiji, mchezo huu ulikuzwa na mapadre na makampuni. Huko Léopoldville padre Raphaël de la Kethulle, ambaye watu walimwita Tata Raphaël, alijenga viwanja ambavyo kimojawapo kina jina lake mpaka leo. Huko Élisabethville mapadre Wabenediktini waliunda mwaka 1939 timu kwa ajili ya wanafunzi wao, wakaipa jina la Mtakatifu Georgi. Timu hiyo ikabadili majina, ikaitwa Englebert kwa jina la kampuni ya matairi, na hatimaye ikawa Tout Puissant Mazembe, iliyochukua ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968, kisha 2009, 2010 na 2015, na ambayo Desemba 2010, huko Abu Dhabi, ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Wengi huikumbuka fainali ile kwa mabao matatu ya Inter Milan. Mimi huwaomba watu wakumbuke wanafunzi wa 1939, kwa maana mti ule mkubwa ulipandwa kwa kazi ya vijana wa shule. Kadhalika timu ya taifa: ilitwaa kombe la Afrika mwaka 1968 na tena 1974, mwaka ambao Ndaye Mulamba alifunga mabao tisa katika mashindano yale, kisha ikaenda Ujerumani kuwa ya kwanza kutoka kusini ya Sahara katika kombe la dunia.

Kivu ilikuwa jimbo moja, makao yake Bukavu, hata mwaka 1988 ilipogawanywa, tukapata Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Bukavu wana Muungano na Bukavu Dawa. Butembo wana AS Nyuki. Na Goma, mji tunaoutazama sisi wa milimani, wana Daring Club Virunga, Dauphins Noirs na Kabasha, ambao mashabiki wao hujazana katika uwanja wa Unité hata mtu akakosa mahali pa kuweka mguu. Kijana wa Mweso asiyewahi kufika Goma aweza kuwatajia wachezaji wa Virunga mmoja mmoja, na nafasi zao. Fahari hiyo ni halali. Lakini ni taarikhi ya miji, na mpira wa vijijini umebaki ukiandikwa kwa maji.

Na kanuni haikuwasahau watu wa vijijini. Ni sisi tulioisahau kanuni. Chini ya shirikisho iko ligi ya jimbo, ambayo kwetu ni LIFNOKI. Chini ya ligi ziko antanti, yaani vyama vya miji na wilaya. Na chini ya antanti ziko serkle, ambazo hukusanya vilabu vya mahali pamoja. Vijana nao wana daraja zao, minimi, kadeti na junia, kila moja kwa umri wake. Kwa maandishi, basi, mtoto wa Katoyi ana njia iliyonyoka kutoka malishoni mpaka timu ya taifa. Njia hiyo hukatika mahali pawili, penye umri na penye tarehe, nami naomba ruhusa yenu nisimame hapo kitambo.

Twendeni kiwanjani kwanza. Chukueni kiwanja chochote cha milimani baina ya Mushaki na Lushebere: asili yake ni malisho ya ng'ombe, kina mteremko kiasi cha kwamba nahodha anayeshinda kura huchagua kucheza kipindi cha pili kwenda bondeni, wapinzani wakisha kuchoka kwa kupanda, magoli ni miti miwili ya mikaratusi na wa tatu umelazwa juu, hayana nyavu, kwa hiyo mpira uliopita karibu na mti huzaa ubishi wa robo saa, na ukitoka upande wa chini hushuka hata kijitoni, akatumwa kuufuata aliye mdogo kuliko wote. Ukishuka Walikale, katika joto na udongo mwekundu, kiwanja ni mahali palipofyekwa, na msitu hukidai tena kila masika, hata timu isiyokuwa na mapanga haina mahali pa kuchezea. Wadogo wasiokuwa na mpira wa dukani husokota majani makavu ya migomba, wakayafunga kwa kamba mpaka yakawa magumu, na mtu aliyejifunza kutuliza mpira usiodunda, mpira wa ngozi hautamshinda.

Kabla ya mechi ya kadeti, msimamizi huwapanga wachezaji mstari mmoja, karatasi mikononi. Huyu ana cheti cha ubatizo, kimekunjwa mara nane. Huyu ana kadi ya shule iliyolowa mvua. Huyu ana barua ya mkuu wa kijiji iliyoandikwa asubuhi ile. Na yule mrefu wa mwisho ana karatasi ya mdogo wake. Msimamizi huangalia karatasi, akaangalia mabega, akaangalia uso wa kocha, kisha akaamua kwa insafu aliyonayo. Sheria ya nchi hutaka kila mtoto aandikishwe ndani ya siku tisini tangu kuzaliwa, walakini watoto wa Kongo walioandikishwa hawafiki nusu, na mahali ambapo watu wamehama mara kwa mara, na ofisi zikapoteza madaftari yao, dhahiri hali si njema zaidi. Shirikisho la dunia, FIFA, tangu mashindano ya chini ya miaka kumi na saba ya mwaka 2009, hupiga picha za mfupa wa kifundo cha mkono ili kujua aliyezidi umri. Sisi hatuna mtambo ule, na hata tungalikuwa nao, ingekuwa ajabu kupima mfupa wa mtoto ambaye hakuna aliyepata kuandika jina lake. Kijana anayedanganya umri wake humdhulumu mdogo ambaye angecheza nafasi ile. Lakini dola isiyomwandika mtoto imewadhulumu wote wawili, na dhuluma hiyo ndiyo mama wa ile nyingine. Serkle inayofungua daftari la wachezaji wake, ikaandika jina la mtoto, jina la mama, kijiji na mwaka, imefanya kazi ambayo ofisi ingaliifanya, na mwalimu wa shule na katekista wa parokia wakitia sahihi chini yake, karatasi hiyo itakuwa na hadhi mbele ya watu wote.

Kuhusu tarehe, watu husema barabara haziruhusu, nao husema kweli nusu. Masisi-kati iko takriban kilomita 80 kutoka Goma, na mvua ikinyesha kilomita hizo hugeuka safari ya siku nzima; Walikale ndiyo wilaya pana kuliko zote za jimbo letu, na imepata kutumia kipande cha barabara ya Kilambo kuwa kiwanja cha ndege, ili jiwe la bati la Bisie lipate kutoka. Jiwe lilitafutiwa njia. Coltan ya Rubaya nayo hupata pikipiki na mabega ya kuibeba, mvua isimame isisimame. Sisemi kwamba timu ya junia ipande ndege; nasema ligi ya vijana isianze kwa kuwapeleka watoto wa Itebero mpaka Kitchanga. Ianze bondeni, timu nne au tano zilizo mwendo wa miguu baina yao, Jumamosi hata Jumamosi, pamoja na kiangazi na masika yaliyohesabiwa tangu mwanzo. Washindi wa mabonde wakutane mara moja kwa mwaka, mahali pamoja, wakae siku tatu katika nyumba za watu. Ratiba ibandikwe mlangoni pa kanisa, na msikitini, na penye soko, na isibadilishwe kwa sababu mkubwa fulani amechelewa. Mechi itakayoahirishwa kwa risasi iandikwe katika daftari kuwa imeahirishwa, na siku yake mpya itajwe. Kwa maana jambo lililoandikwa kuwa litachezwa haliwi limekufa.

Nimetaja risasi, na sina budi kuzitaja. Machi 1993, katika soko la Ntoto wilayani Walikale, yalianza mauaji yaliyopanda milima mpaka Masisi, jirani akamkimbia jirani. Na tangu hapo vita vimebadili majina na viongozi bila ya kubadili waathirika. Aprili 2024 Rubaya ilitwaliwa na waasi wa M23, Januari 2025 Masisi-kati, Machi 2025 Walikale-kati ikachukuliwa na kuachwa baada ya muda mfupi. Na katika kambi za Bulengo na Lushagala, kando ya Goma, watoto wa Masisi walipata kuishi juu ya mawe ya volkano, na mawe yale ndiyo waliyochezea. Februari 2024, katika nusu fainali ya kombe la Afrika dhidi ya Kodivaa, wachezaji wa taifa letu, wimbo ukipigwa, walifumba vinywa kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili vya mkono wa pili penye panja, mfano wa bunduki, ili ulimwengu ujue yanayotendeka mashariki ya Kongo. Nililia siku ile, na sikuwa peke yangu. Lakini ishara ile, pamoja na utukufu wake, ilitendwa na wakubwa mbele ya kamera. Iliyobaki ni kazi ya kila Jumamosi, isiyokuwa na kamera.

Katika milima hii mwenye bunduki ana daftari. Yeye humjua kijana kwa jina, humpa mavazi ya namna moja, humpa wenzake wa kulala nao, humwambia kesho aamke saa ngapi, na kijana asiyekuwa na shule wala shamba huona kwamba hatimaye pana mtu aliyemhesabu. Timu nayo humpa jezi, na namba, na wenzake, na saa ya kuamka, na mtu wa kumuuliza mbona jana hukuja. Sidai kwamba mpira utamaliza vita. Vita vyetu vina mizizi katika ardhi na madini na siasa za nchi zaidi ya moja. Nadai tu kwamba kijana ambaye mechi yake ya Jumamosi ijayo imeandikwa mlangoni pa kanisa ana sababu moja ya kumjibu anayekuja kumchukua Ijumaa. Na timu ambayo Mhunde na Mhutu, Mnyanga na Mtutsi, Mkano na Mtembo hupeana pasi kwa sababu wote wanataka bao, huwazoeza kusikia jina la mwenzao likiitwa kwa shangwe.

Wala mabinti wasisahauliwe, kama ilivyo ada yetu kuwasahau. Novemba 2024 wanawake wa Mazembe waliwashinda AS FAR wa Moroko, bao moja kwa bila, wakatwaa ubingwa wa vilabu vya wanawake vya Afrika. Kiwanja kinachotosha wavulana asubuhi kinatosha wasichana alasiri, na mzazi anayeogopa kumwachia binti yake aje akae kando ya mstari, atazame mpaka mwisho.

Basi enyi bami na wakuu wa vijiji, walimu, mapadre, wachungaji na maimamu, enyi wasimamizi wa serkle za Masisi na Walikale, nawaombeni kwa taadhima: kabla ya kutafuta jezi, kabla ya kumwandikia mfadhili, nunueni daftari moja gumu na kalamu mbili. Andikeni majina ya watoto walio baina ya miaka kumi na miwili na kumi na saba katika bonde lenu, wavulana na wasichana, kila mmoja na mwaka wake wa kuzaliwa, mkimuuliza mama yake. Kisha chagueni Jumamosi ya kwanza, muitangaze, nanyi wenyewe mwe wa kwanza kufika kiwanjani.